Utamu wa Wali wa Zamani

Hadithi ninayo, masikio mnayo? Basi nipeni.

Bi Mwanakheri alipikiwa na Zuhura, mke wa mwanawe, akatema. "Wali wa zamani ndio uliokuwa mtamu!" Zuhura akabadilisha nazi; mama mkwe akatema. Akabadilisha mchele, akatema. Hata kuni akabadilisha, akatema.

Zuhura akalilia zimwi la kisimani: "Nipe utamu wa zamani!" Likampa chungu.

Bi Mwanakheri akaonja, machozi yakamtoka. "Ndio huu! Ongeza, mwanangu." Akala, akala, akala, huku mbavu zikimtokeza.

Zuhura akarudi kisimani. "Ewe zimwi, umemtilia nini?"

"Ulichoomba. Zamani watu walikula wali Idi hadi Idi. Utamu wenyewe ulikuwa njaa."

Sasa ghala ni tupu, watoto wanalia, naye bado anakwangua chungu.

"Mtamu, mwanangu. Ongeza."