Kapu la Jembe Moja

Kale! Itikieni: ilikuwepo. Kale! Ilikuwepo, na sisi hatukuwepo.

Basi, katika kale hiyo ambayo sisi hatukuwepo, kabla sarafu hazijazaliwa na kabla mtu hajajua kuandika jina lake, palikuwa na nchi. Nchi ilikuwa na Mtemi, na Mtemi alikuwa na majembe manne. Endeleeni kupukuchua mahindi, mikono haina haja ya kusikiliza. Wewe Ngusa, punje zinaingia kwenye ungo, si mdomoni.

Majembe manne, nasema, yamefuliwa na mhunzi mmoja, kwa moto mmoja, uzito mmoja. Kwa nini manne? Kwa sababu nchi ile ilikuwa na pande nne: Ziwani, Milimani, Bondeni na Nyikani. Kila mwaka, baada ya mavuno, Mtemi alituma jembe moja kila upande, na kila upande ulichagua mwanamke mmoja wa kulipokea. Mwanamke huyo alilipeleka soko la kwao, akalibadilisha kwa mtama, mtama akautia kapuni, kapu akalibeba kichwani hadi ikulu. Jembe ni lile lile, kapu ni lile lile. Kinachobadilika ni mtama. Kapu likija limejaa, Mtemi anajua kwamba huko bei ni nafuu na watu wanakula. Kapu likija pungufu, anajua kwamba huko bei imepanda, na kuna akina mama wanaochemsha maji ili watoto wasikie sauti ya chungu wapate usingizi.

Na kila kapu lilikuwa na mstari mwekundu katikati, uliosukwa pamoja nalo, kwenye pishi ya sita. Sheria ya mababu ilisema hivi: upande ambao mtama wake haukufika mstarini, ghala la Mtemi lifunguliwe, watu wa upande ule wapewe nafaka hadi mavuno mengine. Hiyo ndiyo sheria. Mababu hawakuwa wajinga, ingawa walivaa ngozi.

Sasa sikilizeni jinsi sheria nzuri inavyoharibika bila mwizi hata mmoja.

Watu walianza kuona haya. Mkono mtupu haulambwi, si ndivyo tusemavyo? Nani aende ikulu, mbele ya watu wa pande zote, na kapu la pishi tatu, achekwe? Basi mwanamke akirudi kutoka sokoni na mtama kidogo, wazee wa kwao humwita kando. Mama, ongeza kidogo. Anaongeza. Anaongeza kutoka kwenye dari la nyumba yake. Kapu linafika limenona, upande wao unasifiwa, ghala linabaki limefungwa, na watu wanarudi nyumbani kula sifa.

Kisha akaja Kingu. Kingu alikuwa mwanangwa, yaani mkubwa chini ya Mtemi, mtu safi, mwenye maneno laini, na wala hakuiba hata punje. Afadhali angeiba, tungemjua. Yeye alileta jamvi. Akasema, nchi ni moja, ya nini kuangalia makapu manne? Akatandika jamvi kubwa uwanjani, makapu yote yakamwagwa juu yake, mtama ukachanganywa kwa makoleo, kisha ukarudishwa makapuni sawa kwa sawa. Akatazama mstari. Kila mwaka mtama ulikuwa juu ya mstari, vidole vitatu, vidole viwili. Kingu akasimama akatangaza: nchi imeshiba. Watu wakapiga makofi. Waliopiga makofi walikaa karibu na ikulu, hilo msilisahau.

Sasa huko Nyikani, upande wa mbali na mkavu kuliko zote, alikuwepo mwanamke aitwaye Nyanzobe. Ndiye mbeba kapu wao kwa mwaka wa tano. Alikuwa mwembamba, mrefu, si msemaji, na wakati ninaowahadithia alikuwa na hasira. Hasira yake ilikuwa na umri wa mwaka mmoja.

Mwaka uliotangulia, jembe lilimpa pishi nne tu. Wazee wakamwambia aongeze. Mama mkwe wake, bibi mmoja mpole aitwaye Mbula, hakungoja hata kuombwa. Alipanda darini mwenyewe, akashusha pishi tatu za mbegu, akazimimina kapuni, akasema, mwanangu, usiende ukachekwa. Pishi saba zikafika ikulu. Nyikani ikasifiwa. Ghala halikufunguliwa. Na katika miezi ya njaa watu saba wa mji wao walizikwa, na wa saba alikuwa Mbula.

Nyanzobe alilia, akanyamaza, na alipokuwa amenyamaza ndipo alipoanza kufikiri.

Mwaka huu jembe likaja. Akalipeleka sokoni. Mvua haikuwa imenyesha, viwavi walikuwa wamekula hata mashina, na wachuuzi wa mtama walitoka mbali siku tisa, kila siku ya njia inapandisha bei. Mchuuzi akaligeuza jembe, akaligonga kwa kidole.

"Pishi mbili," akasema.

"Mwaka jana mlitoa nne."

"Mama, mwaka jana ulikuwa mwaka jana."

Akachukua pishi zake mbili. Mtama ulifunika kitako cha kapu tu. Nyumbani, darini, mlikuwa na mbegu za msimu ujao, na kila nyumba ya Nyikani ilikuwa hivyo hivyo: chakula kimekwisha, mbegu zimebaki, na watoto wanaziangalia. Ghala lisipofunguliwa mwaka huu, watu watakula mbegu. Na anayekula mbegu amekwisha kula mwaka wake wa kesho.

Mzee Mahona, mkubwa wa mji, kaka wa baba mkwe wake, akaja na fimbo yake.

"Mkamwana, kapu hili ni pungufu."

"Ni pungufu, baba."

"Utalifikisha hivi?"

"Hivi hivi."

"Watatucheka."

"Mwaka jana hawakutucheka, baba. Tuliwazika watu saba, hakuna hata mmoja aliyechekwa."

Mzee akachora chini kwa fimbo muda mrefu. Msimwone mbaya. Alikuwa amezaliwa katika haya, kama sisi tulivyozaliwa katika moshi wa jiko.

"Mbegu zipo darini kwako," akasema mwishowe. "Ongeza nne tu, lifike mstarini, tusemwe vizuri. Ukitutia aibu mbele ya Mtemi, mji huu usiuone tena."

Nyanzobe akajitwika kapu. Hakuongeza punje. Jamani, mtu aliyefukuzwa kwao kwa sababu ya pishi mbili za mtama, mlishamsikia? Mimi ndiye ninayewasikilizisha leo.

Akatembea siku kumi na moja. Kapu lilikuwa jepesi, na wepesi ule ulimchosha kuliko mzigo. Njiani akakutana na mbeba kapu wa Ziwani, mwanamke mnene mcheshi, shingo imezama mabegani kwa uzito wa pishi kumi.

"Kwetu jembe limenunua mtama hata nikakosa pa kuutia," akasema yule wa Ziwani. "Na kwenu?"

"Mbili."

Mwanamke yule akaacha kucheka. Walitembea pamoja hadi ikulu, na njia nzima alikuwa akilitazama kapu la mwenzake kwa jicho la pembeni, halafu anatazama chini. Hakuwa amewahi kujua.

Uwanja wa ikulu ulijaa. Mtemi ameketi kwenye kigoda chake, mzee sasa, macho yamelegea. Jamvi limetandikwa. Kingu amesimama pembeni yake, na wanne wenye makoleo wako tayari. Mbeba kapu wa Milimani alikuwa na pishi saba. Wa Bondeni, sita. Wa Ziwani, kumi. Kingu akachungulia kapu la Nyikani, nyusi zikapanda kidogo, kisha akatabasamu, maana alikuwa hodari wa hesabu. Saba na sita na kumi na mbili ni ishirini na tano, gawa kwa nne, kila kapu lavuka mstari. Upungufu wa Nyikani haukumsumbua hata kidogo. Jamvi lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya mapungufu kama yale.

"Bei imepanda, mtama umeshuka kidole kimoja tu mwaka huu," akatangaza hata kabla ya kumwaga. "Nchi imeshiba. Akina mama, mwageni."

Nyanzobe akatua kapu lake chini. Akaketi, akanyoosha miguu, kapu akaliweka katikati. Ninyi hamjui maana yake. Katika nchi ile, mwanamke akiketi hivyo na chakula katikati ya miguu ni kama anawagawia watoto wake, na ilikuwa mwiko mtu yeyote kumgusa, awe askari, awe Mtemi. Uwanja mzima ukaona.

"Mama wa Nyikani," Kingu akasema kwa upole, "mwaga."

"Simwagi."

"Nchi ni moja, mama."

"Hiyo nchi unayoisema, baba, inakula wapi? Kwetu haijawahi kufika."

Wengine wakacheka, wakanyamaza haraka. Askari wakamtazama Kingu, Kingu akawatazama askari, na hakuna aliyepiga hatua. Mwiko ni mwiko.

Ndipo Mtemi akainua mkono. "Kapu lako lina nini?"

Nyanzobe akapiga makofi ya heshima mara tatu, papo hapo alipoketi. "Pishi mbili, Mtemi wangu."

"Mwaka jana lilikuwa na saba. Nakumbuka, niliwasifu."

"Mwaka jana lilikuwa na nne. Tatu tulijazia."

"Kwa nini?"

"Kwa haya."

"Basi uliidanganya ikulu."

"Niliidanganya, Mtemi wangu, na ikulu ikafurahi. Aliyenipa zile pishi tatu nilimzika kabla ya mvua. Adhabu ya kuidanganya ikulu ni ng'ombe mmoja, naijua. Nitamlipa nikimpata. Lakini kapu hili limebeba bei ya kwetu, na bei ya kwetu haitafichwa chini ya mtama wa Ziwani. Jamvi lako, mwanangwa Kingu, linamfanya mwenye kumi na mwenye mbili waonekane wameshiba wote, halafu jioni kila mtu anarudi kwenye chungu chake. Nitakaa hapa hapa hadi mtu mmoja aangalie kapu langu peke yake."

Akaikunja mikono yake, watoto wangu, akaiweka juu ya mtama.

Kisha yule mbeba kapu wa Milimani, mwanamke mzima mwenye mvi, akasogea mbele. Akatoa kibuyu chake, akachota pishi moja kutoka kapuni mwake, akaimwaga pembeni chini. Akachota ya pili.

"Hizi si za jembe," akasema. "Ni za nyumbani kwangu. Jembe lilinipa tano."

Wa Bondeni, msichana tu, akaanza kulia kabla hata hajafika. Akatoa mbili naye. Kapu lake likabaki na nne. "Mama aliniambia niongeze," akasema. "Ndugu zangu hawajui nimezichukua."

Wa Ziwani alikuwa amesimama na pishi zake kumi, hana cha kutoa. Akaenda akaketi kando ya Nyanzobe, akanyoosha miguu, kapu katikati. Milimani akaketi. Bondeni akaketi. Wanawake wanne, makapu manne, na jamvi la Kingu tupu mbele yao.

"Mtemi," Kingu akasema, sauti imepungua ulaini, "tukifungua ghala kwa kila anayelia, litakwisha."

"Na wewe ukilifunga, ghala litaliwa na nani?" akajibu Nyanzobe, kabla Mtemi hajajibu. Alikuwa amekwisha vuka mto, angeogopa nini tena?

Mtemi akainuka kigodani. Ilimchukua muda, magoti yalikuwa ya zamani. Akapita kwenye makapu moja moja, akiinama, akitia mkono ndani hadi aguse mtama. Ziwani, mkono ulizama kidogo tu. Milimani, ukapita mstari. Bondeni, ukapita zaidi. Kwa Nyanzobe mkono uliingia hadi kwenye kiwiko, ukaendelea, na mzee akabaki ameinama hivyo, uso juu ya kapu.

"Miaka mingapi?" akauliza.

"Tangu jamvi lilipotandikwa, Mtemi wangu. Na haya zetu ni za kabla ya hapo."

Akajinyoosha. Hakutoa hotuba. Alisema maneno mawili kwa Kingu: "Kunja jamvi." Na ghala likafunguliwa siku ile ile kwa pande tatu. Ng'ombe wa faini hakusamehewa, mnasikia? Mtemi ni Mtemi. Nyanzobe alimlipa baada ya misimu minne, na alimchagua aliyekonda.

Akarudi Nyikani na punda thelathini waliobeba nafaka, na watoto wakatoka kukimbilia punda. Mzee Mahona alikuwa ameketi kwenye lango la mji. Habari ilikuwa imemtangulia Nyanzobe njiani: kwamba alisema mbele ya pande zote kuwa Nyikani wana njaa, kwamba alilitaja kaburi la Mbula, kwamba alionyesha kitako cha kapu lao. Mzee akasimama, fimbo imeziba lango.

"Mkamwana, umetuaibisha."

"Nimewaaibisha, baba," akasema Nyanzobe. "Leteni vyungu."

Mzee Mahona akasimama pale hadi punda wa kwanza alipomfikia na kumpumulia kifuani. Halafu akaondoa fimbo. Akaenda nyumbani kwake, akarudi na chungu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee walisema, na mficha njaa vivyo hivyo, ila yeye humaliza na watoto wa jirani. Mkisikia mtu anatangaza kwamba nchi imeshiba, muulizeni: upande gani? Na msipige makofi kabla hajajibu.

Hadithi nimeitua hapa chini. Atakayeibeba aibebe kama alivyoikuta, asiipunguze, na asiijazie.