Mzee Osberti Aliyeutafuta Mpaka Kichwa Chini

Paukwa!

Pakawa.

Mmeitikia kinyonge, mnadhani mmeshazijua zote. Haya, anayebisha na abishe sasa, maana nikishaanza sirudi nyuma kumngoja mtu. Nasema palikuwa na mzee aliyeokoa kijiji huku nyayo zake zikitazama mbingu. Wewe hapo unacheka. Cheka tu. Shule niliikimbia mapema, lakini hili sikulikimbia.

Kale hiyo, kwenye nchi ya Waingereza, palikuwa na kijiji kidogo. Kanisa moja, kinu kimoja, mvua isiyojua kupumzika. Watu wake hawakujua kuandika. Mipaka yao waliiandika kwenye watoto. Kila baridi ilipokwisha, kijiji kizima kiliuzunguka mpaka, na kwenye kila jiwe walimshika mtoto, wakampindua, wakamgongesha utosi. Pu! Kisha akapewa mkate wa asali. Jiwe hilo hakulisahau mpaka kaburini.

Wakaja wazazi wenye huruma. Wakasema, "Tusiwaumize watoto. Tuyapige mawe." Wakakata fimbo, wakayacharaza mawe, ta, ta, ta, wakarudi nyumbani wameridhika. Nambie wewe unayecheka: jiwe likichapwa hukumbuka nini?

Bwana Fulko, mwenye ngome ya jirani, alilijua hilo. Theluji ilipofunika nchi, jiwe la bondeni liling'oka, likatembea, likaenda kukaa katikati ya malisho ya kijiji. Malisho yakienda, ng'ombe hawavuki baridi nyingine. Ng'ombe wakifa, watoto wanafuata.

Mfalme akatuma hakimu. Hakimu akauliza, "Nani anakumbuka jiwe lilipokuwa?"

Vijana wakatazama viatu vyao.

Mzee Osberti hakuwa amekaa tangu asubuhi. Yeye ndiye wa mwisho aliyegongeshwa kwenye jiwe lile, na bonde lililokuwa kichwani mwake silo hili aliloliona. Mto ulikuwa upande usio wake. Vilima vimekaa vibaya. Akaenda, akageuka, akaenda, akageuka, moyo du, du, du.

"Babu, tulia basi, unatutia kizunguzungu," akasema mchunga kondoo mmoja.

Mzee akasimama. "Siku ile sikuliona bonde nikiwa wima," akasema. "Nishikeni miguu."

"Utakufa, Babu."

"Nikifa mtanizika. Ng'ombe wakifa mtakula nini? Nipindueni."

Wakampindua. Kofia ikaanguka, ndevu zikamfunika macho, Bwana Fulko akacheka kwe, kwe, kwe.

"Mbele. Mbele. Kushoto kidogo. Bado."

Uso ukawa mwekundu, kisha wa zambarau. Hakimu akataka kuwazuia.

"Bado," mzee akakoroma.

Ndipo mnara wa kanisa ukaning'inia katikati ya vilima viwili kama chuchu ya ng'ombe. Mzee akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Hapa. Chimbeni."

Wakachimba. Chini ya majani wakakuta makaa, yale ambayo wahenga wao waliyafukia chini ya kila jiwe la mpaka. Malisho yakarudi kijijini. Fulko akarudi ngomeni na kicheko chake hakijaisha kumezwa.

Baridi ilipokwisha tena, watoto walipinduliwa kama zamani, ila utosi uligusishwa jiwe taratibu, na mkate walipewa wangali kichwa chini.

Funzo mnalitaka? Mpaka haulindwi na jiwe, hulindwa na aliyeutembea.

Ngano ingekomea hapo nikaondoka na sifa zangu. Lakini kuna kipande nimekiruka. Mpaka ule wa kweli uliikata pia bustani ya kabichi ya Hilda, binti pekee wa mzee. Bustani ilikuwa imeingia kwa Fulko miaka mingi bila mtu kujua. Osberti aliiona, kichwa chini, kabla ya mwingine yeyote. Angesogea kidogo, asiagize mtu kuchimba, hakimu angelichukua neno lake, na bustani ingebaki ya Hilda. Ndipo pale aliponyamaza.

Hilda aling'oa kabichi zote siku ileile, akazitupa mlangoni kwa baba yake, moja moja, pu, pu, pu. Mzee akaziokota. Akazila baridi nzima, peke yake.

Sasa ndiyo imekwisha, na sina nilichobakiza.