Shuka Jeupe la Tulinagwe

"Hata ndege hupiga hodi." Mmeyasikia maneno hayo leo asubuhi, mzee Ambakisye alipomwambia yule fundi wa mabomba aliyekutwa ameshafika uani kwa watu na spana yake mkononi. Mmecheka, kisha mkaja kuuliza ni ndege gani hiyo, na ilimpigia nani hodi. Kaeni basi, na anayemenya viazi aendelee kumenya, maana masikio hayashiki kisu. Methali hii ilizaliwa hapahapa Isangole, na ilianza hivi.

Zamani uwanja wetu wa ndege haukuwa na lami wala uzio. Ulikuwa uwanda wa majani juu ya kilima, na ndege zilizotua zilikuwa chache, za madaktari na za wanunuzi wa chai. Majani yake hayakufyekwa na mtu. Yaliliwa na ng'ombe wa majirani, na ofisi ya uwanja ilifurahi, kwa sababu haikununua mashine ya kukatia nyasi. Lakini ng'ombe hajui ratiba. Ndiyo maana kulikuwa na desturi. Rubani akifika juu ya kilima alizunguka mara moja, na watu wa Isangole waliuita mzunguko huo hodi ya ndege. Wakiusikia, wenye ng'ombe waliwaswaga pembeni, na uwanja ukishakuwa mtupu, mtu mmoja alitandika shuka jeupe penye mwanzo wa njia. Hiyo ndiyo iliyokuwa "karibu" ya kuijibu hodi. Rubani akiliona shuka, anatua.

Mwenye shuka alikuwa Tulinagwe, mjane aliyekaa nyumba ya mwisho upande wa mashariki. Kazi ile aliirithi kwa mumewe, Gwakisa, aliyekufa akamwachia migomba, chemchemi iliyokuwa katikati ya migomba hiyo, na shuka. Hakulipwa hata senti. Ukimwuliza kwa nini anajisumbua, alijibu kwamba mgeni akiita mlangoni, humwulizi kwanza amekuletea nini. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye maneno machache yenye pilipili, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikinyesha na nguo ziko kambani.

Basi akaja meneja mpya wa uwanja, Bwana Lugendo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka, na ninyi mnajua ndugu hao wawili wanavyofanana. Alitaka uwanja urefushwe ili ndege kubwa zitue, na urefu alioutaka aliupata kwenye ramani, upande wa mashariki. Siku moja Isangole nzima ilivuka mto kwenda kuzika. Waliporudi walikuta vigingi vyekundu vimepigwa mashambani mwao. Tulinagwe alikuta kimoja kimesimama kando ya chemchemi, na kingine kimeegemea mgomba ambao Gwakisa aliupanda siku walipohamia pale. Alisimama mbele yake akiwa bado na khanga za msibani. Aliumia sana. Migomba ilimuuma, na chemchemi ilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba mtu aliingia kwake akatoka kama aliyepita porini.

Wananchi wakaitisha mkutano, wakakataa. Walisema uwanja ukitaka kukua, uulize unakulia kwa nani. Bwana Lugendo akawajibu kwamba mambo ya ndege huamuliwa juu, si kwenye migomba, na kwamba siku ya uzinduzi wa kazi ya kurefusha uwanja atakuja yeye mwenyewe kwa ndege, pamoja na mkuu wa wilaya. Watu wakaondoka wakichemka.

Njiani Mwasomola, jirani aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko subira, akamsogelea Tulinagwe. "Shemeji, siku hiyo ng'ombe wangu watalala uwanjani. Azunguke mpaka achoke, arudi alikotoka."

"Akipiga hodi ataitikiwa," Tulinagwe akasema.

"Hata yeye?"

"Yeye hasa. Tukiacha kuitikia hodi, shemeji, tutamdai yeye nini?"

Mwasomola alinung'unika mpaka nyumbani kwake, lakini alikubali.

Siku ya uzinduzi ikafika. Rubani alikuwa mgeni, na kama alivyokuja kusimulia mwenyewe, Bwana Lugendo alimwambia asipoteze mafuta kwa kuzunguka, kwa sababu uwanja ni wa ofisi na ofisi ndiyo inayokuja. Huku chini watu walikuwa mashambani wakingoja kusikia hodi, na ng'ombe walikuwa uwanjani wakila kama siku zote. Tulinagwe alikuwa akichota maji. Akasikia mngurumo unashuka badala ya kuzunguka, akainua macho. Ndege ilitokeza juu ya miti moja kwa moja, ikapita karibu na migongo ya ng'ombe, ikainua pua na kupanda tena ikilia. Fahali wa Mwasomola alikimbia mpaka uani kwa mchungaji wa kanisa, na inasemekana hakuwahi kuamini kelele tena.

Kisha, huko juu, ndege ikazunguka. Ilizunguka polepole, mzunguko mzima.

Mwasomola alifika kwa Tulinagwe akihema, fimbo mkononi. "Usilitoe shuka, shemeji. Waache. Wamejikosea wenyewe."

Tulinagwe alikitazama kile kigingi chekundu. Nami siwafichi, alitaka kuwaacha. Wakirudi walikotoka, leo hakuna uzinduzi, na kesho pengine watachoka. Alikuwa na haki ya kukasirika, na shuka lilikuwa lake.

"Unasikia wanachosema?" akauliza.

"Nasikia injini tu."

"Wanasema hodi. Swaga ng'ombe, shemeji."

Akaitupa ndoo, akachukua shuka, na siku hiyo Isangole ilimwona Tulinagwe akikimbia. Alikimbia na shuka likimpepea begani, huku Mwasomola na wenzake wakiwaswaga ng'ombe kwa fimbo na kwa matusi. Uwanja ukawa mtupu, shuka likatandikwa, ndege ikatua, ikageuka na kurudi mpaka penye shuka.

Bwana Lugendo akashuka uso ukiwa wa majivu. Mkuu wa wilaya alikuwa nyuma yake, ameshika kofia kwa mikono miwili. "Mama," meneja akasema, "mngetuua."

"Sisi?" Tulinagwe alikuwa bado anatafuta pumzi. "Mmekuja kimya, mkakuta ng'ombe. Mlipopiga hodi, tumewaitikia. Shuka lenyewe hilo unalikanyaga."

Bwana Lugendo akatazama chini. Kweli, viatu vyake vilikuwa juu ya shuka. Akasogea, na hakuna aliyecheka.

"Sasa nami niulize," Tulinagwe akaendelea, bila kupandisha sauti. "Ndege, na ukubwa wake wote, inapiga hodi. Wewe ulipoingia kwangu na vigingi, mimi nikiwa msibani, ulizunguka mara ngapi?"

Mkuu wa wilaya akamgeukia meneja, akasema taratibu, "Bwana Lugendo, umeulizwa."

Uzinduzi haukufanyika. Kesho yake meneja alikuja kwa miguu, peke yake, akasimama nje ya ua wa Tulinagwe. Akasema hodi. Tulinagwe alimsikia, akaendelea kupanga vikombe. Meneja akasema hodi ya pili. Tulinagwe akaivuta khanga yake vizuri begani. Hodi ya tatu ilitoka kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyejua kama ataitikiwa.

"Karibu, baba," Tulinagwe akasema.

Alimpa kiti, ndizi za kuchoma, na maji. Jua lilikuwa kali, na Bwana Lugendo akayanywa yote. "Maji haya matamu," akasema. "Mnayatoa wapi?"

"Pale penye kigingi chako."

Akakiweka kikombe chini. Jioni ile aliving'oa vigingi kwa mikono yake, akianzia cha chemchemi. Uwanja ulirefushwa upande wa magharibi, kwenye mikaratusi ya ofisi yenyewe. Haukufika urefu aliouota, na zile ndege kubwa hazikuja. Zilikuja za kiasi, nasi zimetutosha.

Leo kuna lami, kuna uzio, hakuna ng'ombe wa kuswaga. Lakini marubani wa hapa bado huzunguka mara moja kabla ya kutua, na bibi kizee wa nyumba ya mwisho hutoka nje akainua mkono. Mnamwona kila siku, mkidhani anafukuza kunguru.

Na fundi wa mabomba? Mmeona wenyewe kwamba mzee Ambakisye hakumfukuza. Alimtoa nje ya ua, akamfungia mlango, akamwacha aanze upya, na alipoita akafunguliwa na kupewa chai. Hata ndege hupiga hodi.