Bingwa Asiyegeuza Shingo

Hivi nyinyi mnaposema mtu fulani ni mtulivu, huwa mna maana gani hasa?

Palikuwa na dereva katika shamba moja la chai huko milimani, jina lake Lutengano. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari la zahanati, na ufunguo wa gari hilo aliufunga kiunoni, asimwachie mtu. Jumamosi alirusha vishale kwenye klabu ya wafanyakazi, na hapakuwa na wa kumfikia. Alisimama mstarini kama nguzo, macho ubaoni, pumzi ameishika. Wenzake wakamwekea sheria kabisa: bingwa akisimama, mlango ufungwe kwa komeo na mtu asikohoe.

Sekela, nesi wa zahanati hiyo, hakuwa na ugomvi na vishale. Ila Jumamosi ya fainali, saa tisa mchana, mchumaji wa chai aitwaye Tupokigwe alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, na hospitali ilikuwa mbali. Sekela akakimbia klabuni. Akakuta komeo. Akazunguka dirishani, hatua nne kutoka aliposimama Lutengano, akamwita kwa jina, akamwambia gari linatakiwa, Tupokigwe anazidiwa. Akamwita tena. Akamwita mara ya tatu. Lutengano alikuwa amebakiwa na kishale kimoja, na alipotakiwa kulenga ni ukanda mwembamba kama kidole. Hakugeuza hata shingo. Waliogeuka ni wale wengine, kumwambia Sekela anyamaze, anamharibia mwenzake.

Kishale kikakaa palepale. Wakambeba bingwa wao mabegani, wakaimba. Sekela hakungoja wimbo uishe. Alirudi mbio, akawakusanya wachumaji, wakamlaza Tupokigwe kwenye mkokoteni wa majani ya chai, wakausukuma mpaka barabara kuu. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Na hayo bado si ya kuudhi kuliko yaliyofuata. Hakuna aliyemuuliza Lutengano kitu. Walimsifu. Walisema akili yake ilikuwa imezama ubaoni, hata radi asingeisikia. Walewale waliomnyamazisha Sekela waliapa kwamba hawakusikia neno. Mchungaji akamtaja kanisani, eti ndiye mfano wa mtu asiyeyumbishwa na dunia. Na lawama, kwa kuwa ni lazima ikae mahali, ikakaa kwa Sekela.

"Sista," katibu wa klabu akamwambia mbele za watu, "sauti yako ni ya kubembelezea watoto. Siku nyingine ita kama mtu mzima."

Watu wakacheka. Miezi minne Sekela alitembea na lawama hiyo, mpaka akaanza kujiuliza kama kweli alipaza sauti. Alijifungia kwenye chumba cha dawa akaita jina lile, mara tatu, kupima. Msichana msomi, mwenye cheti chake ukutani, anapima sauti yake mwenyewe kama mgonjwa.

Kisha klabu ikaamua vijana wafundishwe utulivu. Ukumbi ukajaa. Sekela akawekwa pembeni na sanduku la huduma ya kwanza. Lutengano akaonyesha namna ya kupanga miguu na namna ya kushusha pumzi, na katibu, kwa raha zake, akarudia kisa cha dirishani, jinsi bingwa asivyosikia la mtu. Akauliza kama kuna swali.

Tupokigwe akanyoosha mkono kama mwanafunzi, akasimama. Hakupandisha sauti. Alisema anaomba na yeye afundishwe kutosikia, kwa sababu tangu siku ile anasikia kila kitu: vitoto vya majirani vikilia, hata mkokoteni ukipita na majani tu.

Katibu akamwambia kwamba hilo, mama, si swali la mchezo. Sekela hakumtazama katibu. Alimtazama Lutengano, na kwa mara ya kwanza akamwona hajui mikono yake aiweke wapi. Lutengano akavilaza vishale mezani, kimoja kimoja, akageuka.

"Nilisikia," akasema. "Nesi aliita mara tatu, na zote nilizisikia. Jina lako pia nililisikia, dada Tupokigwe. Nikasema moyoni, ngoja kwanza nimalize hiki kimoja."