Fisi wa Kofia Nyekundu na Jumba la Mawe

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Kajenga nyumba?"
"Kajenga!"
"Kakaa?"
"Wapi!"

Basi hapo kale palikuwa na Fisi, mwana wa muuza nyama. Alijua kusali, alijua sheria, na zaidi ya yote alijua kukubali. Mfalme Simba akisema, "Jua kali," Fisi husema, "Kali mno, Mfalme!" Simba akisema, "La, ni baridi," Fisi hutetemeka: kakakaka! Kwa kipaji hicho akapewa ukuhani mkuu, akapewa mhuri wa nchi, akapewa na kofia nyekundu. Kwa unyenyekevu wake, kofia ilikuwa na mpambe wake wa kuibeba mbele. "Pisheni! Pisheni! Kofia inapita!"

Siku moja Fisi akakumbuka kwamba hana jumba. Masikini! Akapita kwenye mapango yote madogo, hata jabalini kwa Bibi Pimbi.

"Mama, mnasali humu?"

"Tunasali, Baba Mtukufu."

"Sala za mapango madogo hazifiki mbinguni. Tokeni!"

Gongo! Gongo! Mapango yote yakavunjwa, mawe yakaenda kujenga jumba. Bibi Pimbi na wanawe wakalala mvuani. Moyo ulimuuma sana, lakini angefanya nini? Hana makucha, hana ngurumo. Alichobakiwa nacho ni adabu.

Jumba likaisha. Lo, mazulia! Lo, sahani za dhahabu! Fisi akawaalika wanyama wote waje walione. Simba akatazama juu, akatazama chini. Kwake kulikuwa kunavuja. Mkia wake ukaanza kupiga sakafu: pwa! pwa!

Bibi Pimbi akapiga magoti mbele ya wote.

"Baba Mtukufu, niwie radhi, mimi mjinga. Jumba hili linalishinda la Mfalme. Umemjengea nani?"

Mkia wa Simba: pwa!

"Nime... nimemjengea Mfalme!"

"Si nilijua!" Bibi Pimbi akapiga kigelegele. "Na sahani?"

"Za Mfalme."

"Na mazulia?"

"Ya Mfalme."

"Na kofia?"

Fisi akaikumbatia kofia. Pwa!

"Ya... ya Mfalme."

Simba akacheka, akahamia siku ile ile. "Na wewe, mama, unataka nini?"

"Nyufa za ukuta tu, Mfalme. Mawe yale tunajuana."

"Chukua!"

Mvua ikashuka: chwaaa! Fisi akatafuta pango la kujisitiri. Hakuna hata moja. Akarudi, akagonga ukutani: ngo! ngo!

"Bibi Pimbi, nifungulie, nakufa!"

"Pole, Baba Mtukufu. Ufa wetu ni mdogo. Sala zako hazitafika mbinguni."

Na jumba lipo, ila wote huliita la Simba.

Basi, wanangu, shikeni somo: msiwaulize wakubwa maswali. Mnaona yalivyomponza Pimbi? Mpaka leo amekwama ndani ya jumba la kifalme!

"Fisi kajenga nyumba?"
"Kajenga!"
"Kakaa?"
"Kakaa Pimbi!"