Chieno cha Akoth

Wahenga hawakuwa wakitania waliposema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Walijua wapo watu kama Osewe, wanaodhani kwamba kufanya kila jambo peke yako ndiyo ufundi.

Mwaka wa 1998 Osewe alikuwa fundi wa picha huko Makina, Kibera. Kwa kompyuta yake kuukuu aliunga picha za watu zilizoraruka na kung'arisha nyuso zilizofifia. Jioni alirudi Mashimoni, katika chumba chenye kuta tupu. Mama yake alikuwa amefariki, naye hakuwa na mazoea ya kubisha mlango wa mtu.

Mama huyo alimwachia picha moja tu, iliyopigwa na Mzungu zama za ukoloni. Mwanamke alikuwa amesimamishwa kando ya fimbo ya kupimia kimo kama ng'ombe wa mnada, kifua wazi, na nyuma yake kilining'inia kitu mithili ya mkia. Chini paliandikwa: "Mwanamke Mkavirondo," jina ambalo wakoloni waliwaita Wajaluo. Jina lake mwenyewe halikuwepo. "Huyu ni wetu," mama alimwambia, basi.

Osewe aliapa kumrudishia mwanamke yule heshima. Aliifuta fimbo, akayafuta maandishi, akaufuta na ule mkia uliomtia haya, kisha akamvika gauni refu lenye kola. Alijifungia na kazi hiyo majuma kadhaa, hakumwuliza mtu. Alipomaliza alifurahi hadi machozi, ila hakuwa na wa kumwonyesha. Upweke ulimchoma. Akazibeba picha zote mbili hadi Gatina, Kawangware, kwa Apiyo, dada ya marehemu mama yake, ambaye hakuwa amemtembelea tangu mazishi.

Apiyo aliitazama ile mpya, akailaza kifudifudi mezani.

"Nani amemtoa kwa ndoa yake?"

"Nimemvalisha, Mama mdogo. Alikuwa uchi."

"Huo uchi aliuona Mzungu, na sasa wewe pia unauona. Hiyo si mkia. Ni chieno, nyuzi za kuvaliwa na bibi aliyeolewa pekee. Hata bwana akiwa na hasira hangethubutu kuivuta. Wewe umeikata."

Osewe alishindwa kuinua uso. Mwanamke yule alikuwa ameaibishwa mara ya pili, tena kwa mikono ya mtu wa ukoo wake.

"Sikujua. Anaitwa nani?"

"Si ungekuja tu uniulize? Ni Akoth, nyanya ya mamako. Alizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo akaitwa hivyo."

Kesho yake Apiyo alifika Makina, akaketi kando ya kompyuta. Alielekeza kwa kidole. Osewe akamvua Akoth gauni, akarudisha chieno uzi kwa uzi. "Fimbo wacha ikae nje," Apiyo alisema. "Hapo ulifanya vizuri." Chini ya picha wakaandika: Akoth.

Jua lilipopungua Apiyo alienda zake. Osewe aliitundika picha ukutani Mashimoni, akala chakula chake peke yake kama kawaida, lakini sasa alijua atabisha mlango upi Jumapili. Heshima aliyoshindwa kuirudisha kwa majuma ya kujifungia ilirudi kwa alasiri moja ya watu wawili. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.