Mrufani na Jani la Sale

Wapendwa, bwana mmoja wa huku kwetu mlimani alishindwa kesi ya mpaka, na kushindwa kwenyewe kukamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikuwa amemshtaki shemeji yake, mjane wa mdogo wake, akitaka kipande cha kihamba, lile shamba la ukoo, ambamo mama huyo alilima migomba ya kulishia wanawe. Hakimu akasema kipande ni cha mama. Bwana akakata rufaa.

Siku ya rufaa hoja zake zote zilikuwa zimekwisha. Akasimama hivyo hivyo. "Mheshimiwa Jaji, naomba niongezewe muda. Ninazo hoja mpya."

Je, alikuwa nazo? Thubutu! Alitaka muda wa kwenda kuzitafuta.

Jaji akamgeukia mjane. "Mama, una pingamizi?"

Angesema analo, huenda mambo yangeishia pale pale. Mama akajibu taratibu, "Sina, Mheshimiwa. Apewe." Bwana akacheka moyoni. Mjinga huyu, akawaza, kanipa kisu mwenyewe.

Kesho yake asubuhi akaenda mpakani. Mpaka wetu ni masale, ile mimea ya majani marefu mnayoiona katika kila kihamba. Lakini ninyi vijana mliokulia mjini, sikilizeni: sale si mpaka tu. Ukimkosea mtu unampelekea jani lake limefungwa fundo, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Basi bwana akainama, akakagua shina moja moja, akiomba apate hata moja lililohamishwa amsingizie mama. Alipoinua kichwa, mama amesimama mbele yake. Mkononi ana jani la sale, limefungwa fundo.

"Shemeji," akasema, "siku ile ya kesi nilikuita mwizi mbele ya watoto wako. Nisamehe."

Aliyeonewa ndiye anayeomba radhi? Aliyeshinda ndiye aliyebeba sale? Bwana akalipokea jani kwa mikono miwili, na hofu ikamshika, wapendwa, ile hofu inayomfanya mtu avue viatu bila kuambiwa.

Siku ya kurudi mahakamani Jaji akauliza, "Muda tulikupa. Hoja mpya ziko wapi?"

Akalitoa jani, limeshakauka. "Ni hii tu, Mheshimiwa. Kile kipande ni cha mama huyu, na nilikuwa nikijua tangu mwanzo. Naomba kuiondoa rufaa yangu."

Haya, tuje kwetu sisi. Tukipiga magoti, si tunaomba muda? Bwana, niongezee mwaka mmoja tu! Akitupa, tunautumia kutafuta hoja: niliponzwa na marafiki, yeye ndiye aliyeanza, hata wazee wa kanisa wanafanya. Na kwa kuwa Mungu haweki pingamizi, tunadhani tumemzidi akili. Ndugu zangu, mimi natetemeka nikiliwaza hili. Mama yule alikuwa na neno moja la kuombea radhi. Mungu hana hata hilo, hajatukosea kitu, na bado ametutangulia mpakani na jani liko mkononi mwake.

Wewe uliyekuja na hoja zako asubuhi hii, utalipokea kwa mkono upi, na yote miwili umeijaza?